Shangazi Alizikwa, Wewe Ukachimba Mashimo

SWALI: Mimi na kaka yangu mkubwa tumejenga kwenye kiwanja kimoja alichotuachia marehemu baba huku Mafubira, Jinja. Tuligawana kwa mdomo tu. Kuku wake na wapangaji wake wamenichosha, nikaamua kuweka ua. Nilimpa fundi nusu ya pesa aanze Jumamosi, siku ambayo kaka alikuwa amekwenda Mbale kwenye mazishi ya shangazi yetu. Kufika saa sita, fundi alikuwa amechimba mashimo 11 na kusimamisha nguzo 4. Halafu akaniuliza kama kaka anajua. Nikamjibu hayo hayamhusu. Akakusanya vifaa vyake akaenda, na sasa simu hapokei. Nitampataje fundi mwaminifu? Na huyu nimshtaki wapi?
Niliyeibiwa, Jinja

JIBU: Barua yako ilikuja na kurasa tatu, na karibu zote zilikuwa za kumsema fundi. Nimezikata, kwa kuwa shida yako imejificha katika neno moja ulilolipitia mbio: "yetu". Shangazi aliyezikwa Mbale hakuwa wa kaka peke yake. Dada wa baba yako, baba yule yule aliyekuachia hicho kiwanja, alikuwa anashushwa kaburini, nawe ulikuwa umesimama Jinja unamwonyesha kibarua pa kupiga jembe. Siku hiyo hukuichagua kwa sababu fundi alikuwa na nafasi. Uliichagua kwa sababu kaka hakuwepo. Mtu anayejua mpaka wake uko wapi hana haja ya kungoja jirani aende matangani.

Utasema ua ni mbao na waya, si mkutano wa ukoo. Sikubali. Mpaka haujawahi kuwa jambo la mtu mmoja katika sehemu zetu hizi. Waganda wana mmea wanaouita mulamula, na jina lake linatokana na neno lao la kuamua shauri: unapandwa mpakani, na waliouona ukipandwa ndio wanaoitwa ugomvi ukitokea. Wachaga wa Kilimanjaro wana sale, mmea wa jamii hiyo hiyo, nao wanaupanda mpakani na vilevile jani lake ndilo mkosaji analompelekea aliyemkosea kuomba msamaha. Tazama walivyofikiri hao wazee: kinachotenganisha na kinachopatanisha wamekitoa kwenye shina moja. Na kama ukoo wenu ni wa Kigisu, unajua vizuri kuliko mimi kwamba kijana wa imbalu hatahiriwi chumbani. Anasimama uwanjani, macho ya ukoo mzima yakimtazama, kwa sababu jambo litakalodumu maisha yote linataka mashahidi, hasa wale watakaoweza kulikana kesho. Hata mpima ardhi mwenye leseni, anapokuja kutafuta mawe ya mpaka, hutaka majirani na mwenyekiti wa mtaa (LC 1) wawepo. Wewe umeweka nguzo 4 na shahidi wako pekee amekimbia.

Najua pingamizi lako. Kaka ni mbabe, ukimwambia atakataa, na haki ni yako. Pengine ni kweli. Lakini haki hiyo umeandika mwenyewe kwamba iligawanywa kwa mdomo. Kama baba hakuacha wosia, mwenye mamlaka ya kugawa mali yake ni msimamizi aliyepewa barua na mahakama, na barua hiyo hukuitaja popote. Kwa hiyo ua huo haulindi mpaka, unautunga. Na ukidhani kaka akikuta seng'enge imeshavutwa atanung'unika kisha azoee, kumbuka kwamba sheria ya Uganda inampa mwenye ardhi miaka 12 ya kwenda mahakamani kuidai. Ni mingi kuishi ukisikiliza hatua za mtu nyuma ya waya. Kama kweli ni mbabe, hiyo ndiyo sababu kubwa zaidi ya kumkabili mbele ya watu. Mbabe hupenda mambo ya gizani, kwa kuwa huko mwenye sauti kubwa ndiye anayeshinda. Mbele ya wazee na mwenyekiti inambidi atoe sababu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 yenyewe imeacha nafasi ya wapatanishi na wazee wa kimila, kwa hiyo usidhani nakurudisha kijijini.

Kuhusu kuku na wapangaji, sikatai kwamba unahitaji ua. Mtu mzima ana haki ya kufunga geti lake akalala. Ninachokataa ni kumtuma fundi akagombane na kaka yako kwa niaba yako, kwa malipo ya kuchimba mashimo. Yule fundi alilitambua hilo kabla ya chakula cha mchana. Angemaliza kazi, kaka angerudi na panga, na anayekutwa na jembe mkononi ndiye anayekatwa kwanza. Swali lake lilikuwa la mtu mwaminifu kuliko wote katika barua hii, wewe ukiwemo. Mtumie ujumbe bila matusi: akate ujira wa mashimo 11 na nguzo 4, arudishe kinachobaki. Akikataa, mwenyekiti wa mtaa anatosha.

Ukifika wakati wa kuajiri tena, mengine unayajua: tazama ua aliojenga miaka miwili iliyopita kama bado umesimama, andikianeni, lipa kwa hatua, ulizia kibali ofisi za jiji, na nguzo za mkaratusi zitiwe dawa ya mchwa kabla hazijaingia ardhini.

Lakini kwanza panda basi, upitie Iganga na Tirinyi mpaka Mbale, ukaone kaburi la shangazi. Kama kaka bado yuko huko, mwambie ulichofanya kabla hajasikia kwa wapangaji wake, tena mwambie mbele ya wazee. Nguzo zile 4 zing'oe leo. Na mashimo yafunike kwa mbao kabla hujaondoka, maana watoto wa kaka hupita hapo wakienda kuchota maji.