KUJIANDIKISHA SI KUOMBA: Somo kuhusu nyumba za bei nafuu



Siku moja baada ya mkutano wa kikundi, mama mmoja anayeuza omena sokoni alinivuta kando. Alikuwa ameshika simu mkononi na karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Mwalimu, mimi niko kwa laini ya nyumba tangu 2019. Mbona siitwi?"

"Laini gani, mama?"

"Si ile ya serikali, Boma Yangu. Kijana wa saiba alinitilia jina. Alinitoza mia moja, akasema ningojee."

Tulikaa kwenye benchi tukafungua akaunti yake. Kweli jina lilikuwemo, pamoja na nambari ya kitambulisho. Basi. Mahali pa mapato hapakujazwa kitu. Idadi ya watoto, hakuna. Kaunti anayotaka kuishi, hakuna. Nambari ya simu ilikuwa ya laini aliyoipoteza miaka miwili nyuma, kwa hivyo hata kama ujumbe ungetumwa, ungemfikia mtu mwingine au usimfikie yeyote. Na hakuwa ameomba nyumba yoyote. Kwa miaka hiyo yote alikuwa akingojea mlangoni bila kubisha hodi.

Kisha akanionyesha ile karatasi. Ilikuwa risiti ya kuandikwa kwa mkono, ya shilingi 3,000, kutoka kwa bwana mmoja aliyemwambia kwamba "ataisukuma faili." Bwana huyo sasa hashiki simu.

Kwa sababu ya mama huyu tumeandika somo hili. Tulipouliza katika vikundi vingine tulikuta wengi wako katika hali yake, na baadhi yao ni watu waliosoma.

Hatua tatu ambazo watu huzichanganya

Kujiandikisha ni kusema, "Mimi niko, naitwa fulani, nahitaji nyumba." Kuomba ni kusema, "Nataka nyumba ya aina hii, katika mradi huu, na pesa ya kwanza hii hapa." Kupewa ni jambo la tatu, nalo haliko mikononi mwako. Watu waliojiandikisha ni wengi mno kuliko nyumba zilizokwisha kujengwa. Mradi wa Mukuru, Nairobi, kwa mfano, ulipangwa kuwa na nyumba zaidi ya 13,000, lakini siku funguo za kwanza zilipotolewa, tarehe 20 Mei 2025, nyumba zilizokuwa tayari zilikuwa 1,080. Kwa hivyo usidanganywe na mtu anayekwambia kwamba ukijiandikisha leo, mwaka ujao unahama.

Wengine wanasema, "Mimi nakatwa ushuru wa nyumba kila mwezi, lazima nipewe." La, ndugu. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 inamkata mwajiriwa asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Pesa hiyo inakwenda kwenye mfuko wa kujenga. Haihesabiwi kama akiba yako wala haikupi nambari katika foleni. Anayekatwa na asiyekatwa wote wanapaswa kuomba. Mtu anaweza kuona si haki, na mimi sitabishana naye, lakini ni afadhali alijue jambo hili sasa kuliko kukaa akingojea.

Andika mapato yako kwa ukweli, na kwa hesabu sahihi

Hapa ndipo wafanyabiashara wadogo wanapoharibikiwa, kwa hivyo tutakaa hapa kidogo.

Sheria imegawa nyumba kwa mapato ya mwezi. Mtu anayepata chini ya shilingi 20,000 anaingia katika nyumba za kijamii, ambazo ndizo za bei ya chini kabisa. Kuanzia 20,000 hadi 149,000 kuna nyumba za bei nafuu. Juu ya hapo ni nyumba za watu wa kipato cha kati, zenye bei yake.

Yule mama nilimwuliza, "Unapata ngapi kwa siku?" Akajibu bila kufikiri, "Elfu tatu." Kama kijana wa saiba angeandika hivyo, siku 26 za soko zingekuwa shilingi 78,000 kwa mwezi, na mama angewekwa pamoja na watu wenye mishahara ya ofisini. Tukachukua kalamu. Katika ile elfu tatu, omena yenyewe anainunua kwa 2,300. Nauli, ushuru wa soko, karatasi za kufungia na kijana wa mkokoteni ni 200. Kinachobaki ni 500. Mara siku 26, ni shilingi 13,000. Hayo ndiyo mapato yake. Zile elfu tatu ni mauzo.

Aliposikia 13,000 alinyamaza, kisha akacheka. "Kumbe mimi ni maskini hivyo?" Nikamwambia, "Mama, umelea watoto wanne kwa hiyo."

Sasa tazama maana ya hesabu hiyo. Sheria inaeleza kwamba nyumba ya bei nafuu ni ile isiyomgharimu mtu zaidi ya asilimia 30 ya mapato yake ya mwezi. Asilimia 30 ya 13,000 ni 3,900. Na huko Mukuru, malipo ya mwezi yaliyotangazwa kwa nyumba ndogo kabisa yalikuwa shilingi 3,900. Kwa hivyo mama huyu si mtu wa kuambiwa "hii si yako." Lakini angeandika 78,000, karatasi yenyewe ingemtoa.

Wako pia wanaopunguza makusudi. Mwenye lori mbili anaandika kwamba anapata 15,000. Huyo ajue kwamba ataulizwa ushahidi, na jina lake kwenye PIN ya KRA linaweza kusema mambo mengine. Tena anakalia kiti cha yule muuza omena.

Ushahidi wa asiye na mshahara utatoka wapi? Daftari. Nunua daftari la shilingi 50, andika kila jioni ulichonunua, ulichouza, kilichobaki. Miezi sita ya daftari pamoja na taarifa ya M-Pesa ni ushahidi wa kutosha wa kuanza kuongea na karani. Ukikuta faida yako inapanda na kushuka, kama ilivyo kwa wakulima na watu wa mjengo, jumlisha miezi yote kisha ugawanye. Usichukue mwezi wa Desemba peke yake.

Karatasi zifanane

Majina kwenye kitambulisho, PIN ya KRA na laini ya simu yawe yale yale, kwa herufi zile zile. Mtu anaitwa Wanjiku kwa kitambulisho, lakini laini ya simu ni ya mume wake na PIN ilitengenezwa na shemeji. Huyo ana kazi ya kufanya kabla ya kuomba. Laini iandikishwe kwa jina lako mwenyewe. Ukibadilisha laini, ingia kwenye akaunti uibadilishe huko pia, siku hiyo hiyo. Nywila ya akaunti usimwachie kijana wa saiba. Akikusaidia kuifungua, mwambie ageuke pembeni, wewe uandike neno lako la siri na ulihifadhi nyumbani. Kama huna simu ya intaneti, nenda Huduma Centre, huko kuna makarani wanaolipwa na serikali kusaidia.

Mume na mke wakae chini kwanza waamue nyumba itaombwa kwa jina la nani. Mtu mmoja anapewa nyumba moja tu chini ya mpango huu. Tumeona nyumba ambapo bwana aliomba kimya kimya na mama naye akaomba kimya kimya, na kila mmoja akaweka akiba kidogo kidogo upande wake. Wangeweka pamoja wangefika haraka.

Pesa ya kwanza

Sheria inataka mwombaji alipe asilimia 10 ya bei ya nyumba kwanza, au kiasi kingine ambacho Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu itakubali. Uliza kiasi cha mradi wako kabla ya kupanga. Lakini tuchukue asilimia 10 kwa mfano. Nyumba ya 640,000 itahitaji dipositi ya 64,000.

Yule mama akashika kichwa. Tukarudi kwenye kalamu. Akiweka shilingi 100 kila siku ya soko, ni 2,600 kwa mwezi. Atafika 64,000 baada ya miezi 25 hivi. Miaka miwili na kidogo. Ni mingi, lakini tayari alikuwa amengoja zaidi ya hiyo bila kuweka hata shilingi. Zamu yake ya chama ikiangukia katikati, miezi itapungua.

Akiba inaweza kuwekwa ndani ya Boma Yangu yenyewe, kidogo kidogo, kwa simu. Sheria inakuruhusu kuitoa kwa kutoa notisi ya maandishi ukibadilisha nia. Si pesa ya kukimbilia mtoto akiugua usiku, kwa hivyo pesa ya dharura iache kando, kwa SACCO au mahali unapoweza kuifikia. Mtu asifunge kila kitu kwenye dipositi halafu akope kwa simu kwa riba ya kumnyonga.

Na usisahau kwamba ile 3,900 si mwisho. Kuna maji, stima, na malipo ya kutunza jengo, yaani taa za ngazi, mlinzi, taka. Mtu wa kuchoma mahindi aulize pia atachomea wapi, maana ghorofani hakuna mahali pa jiko la makaa. Nauli ya kwenda sokoni kutoka nyumba mpya inaweza kula faida yote. Nenda ukaone mahali penyewe kabla ya kuchagua mradi.

Hakuna wa kusukuma faili

Ugawaji unafanywa kupitia mfumo, kwa wale walioomba na kutimiza masharti. Chifu hana funguo. Mzee wa mtaa hana funguo. Pesa zote zinalipwa kupitia akaunti yako ya Boma Yangu, nawe unaziona humo zikiingia. Ukilipa na usizione, hujalipa nyumba. Anayetaka umtumie kwa nambari yake ya simu, hata akiwa amevaa kitambulisho shingoni, mwambie, "Asante, nitalipa mwenyewe." Yule mama tulimpeleka polisi na risiti yake kuandikisha ripoti. Hajarudishiwa kitu mpaka leo, lakini jina la bwana yule liko kwenye kitabu, na majirani watatu walijitokeza kusema nao walimpa.

Usinunue pia nafasi ya mtu mwingine. Sheria inamkataza aliyepewa nyumba kuiuza bila ruhusa ya Bodi kwa maandishi. Wazee wa Nairobi wanakumbuka Dandora, mradi ulioanza 1975 na ploti 6,000 kwa watu wa kipato kidogo. Wengi walijenga na kukaa, lakini wengine walipangisha au wakauza na kurudi kwenye vibanda. Ndiyo sababu siku hizi sheria inafunga mlango huo.

Nyumba za kaunti na watu wanaohamishwa

Wengine mnauliza kuhusu zile nyumba za zamani za kanso, kama Kaloleni na Jericho huko Nairobi. Hizo ni za kukodi, nazo zilikwenda kwa serikali za kaunti baada ya 2013. Haziko Boma Yangu. Nenda ofisi ya nyumba ya kaunti, uliza kama wanapokea maombi, peleka barua yako ukiwa na nakala, na nakala hiyo igongwe muhuri na tarehe. Barua isiyo na muhuri haikuwahi kufika. Nafasi ni chache sana, lakini barua haigharimu sana.

Na kama unaishi mahali ambapo mradi unakuja kujengwa, mambo ni tofauti tena. Siku ya kuhesabu watu, uwe nyumbani. Huko Kibera, watu wa Soweto Mashariki walihamishiwa nyumba za muda Lang'ata mwaka 2009, na nyumba mpya za kwanza zikakabidhiwa 2016. Miaka saba. Katika miaka saba mtu anazaa, anafiwa, anapoteza kitambulisho mara mbili. Weka kila karatasi ya kuhesabiwa ndani ya mfuko wa plastiki, na mtoto mkubwa ajue iko wapi.

Yule mama wa omena tulimaliza kujaza fomu yake jioni ile. Mapato 13,000, watoto wanne, laini mpya kwa jina lake. Kaunti aliandika hii tunayoishi, maana wateja wake wako hapa. Kabla ya kuondoka aliweka shilingi 200 za kwanza, akangoja pale pale mpaka akaziona kwenye akaunti.

Kwa mkutano ujao

Kila mmoja aje na kitambulisho, PIN ya KRA, simu yake, na hesabu ya mapato ya wiki moja iliyoandikwa kila jioni. Wenye akaunti za zamani tutazifungua pamoja kuona zimejazwa nini. Mzungumzie hili mkiwa wawili wawili: nyumba yenu itaombwa kwa jina la nani, na mkipewa mbali na kazi, mtafanyaje? Na yeyote ambaye amewahi kumpa mtu pesa "ya kusukuma" aje na risiti au ujumbe wa simu. Hatutamcheka.