Mpande Punda Wako kwa Hesabu ya Masika

Wafugaji wa punda Faza na sehemu nyingine za kisiwa cha Pate wanahimizwa kupanga mapema uzazi wa majike wao. Mimba ya punda huchukua takriban miezi 12, hivyo mwezi anaopandwa ndio mwezi atakaozaa mwaka unaofuata. Aliyepandwa Mei huzaa masika, majani yakiwa yameota. Aliyepandwa Januari hunyonyesha katika kiangazi, malisho yamekauka, na pengine bado anabebeshwa mawe na maji.

Uingereza, farasi jike wengi huacha kupata joto wakati wa baridi kwa kuwa mchana hupungua hadi muda wa saa 8 hivi. Faza iko karibu na ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu na mfupi haifiki dakika 20. Punda jike hapa anaweza kupata joto mwezi wowote, takriban kila siku 24. Kinachomkwamisha zaidi ni njaa na kazi nyingi. Dalili zake ni rahisi kuonekana: hufungua na kufunga mdomo kama anayetafuna, mate humtoka, na hukojoa mara kwa mara.

Joto hurudi siku chache tu baada ya kuzaa. Kwa kuwa punda wengi huachwa wazurure, mama aliyedhoofika hupandwa tena bila mwenyewe kujua; afungwe mbali na madume. Miezi 3 ya mwisho ya mimba apunguziwe mizigo. Anayetokwa na damu kabla ya siku zake aonwe na daktari wa mifugo bila kuchelewa.