MOTERE INACHEMKA: TUFANYE NINI?

Wenzangu, wengi wetu wakati wa vakansi tunasaidia mashofere kwenye kamiyo. Somo hili ni lenu.

Kutoka Uvira kwenda Bukavu, kamiyo inaacha ziwa Tanganyika, metre 770 hivi, na kupanda Ngomo. Motere inafanya kazi nguvu, inapata moto. Ikiharibika watu wanasema: «Imekufa bure.» Hapana, mara nyingi ilitoa alama kwanza.

1. Kwa Fizikia tulijifunza kama karibu na bahari maji inachemka kwa degre 100. Bukavu ni degre 95 hivi. Lakini kifuniko cha radiatere kinafinya maji, ndiyo sababu inapita degre 100 bila kuchemka. Kifuniko kikichoka, maji inachemka mapema.

2. Mshale wa joto ukipanda sana, simameni, mzime motere, mngoje ipoe kabisa. Msifungue kifuniko ikiwa moto! Maji itachemka yote mara moja na kurukia uso. Msimwagie motere maji baridi, chuma inaweza kupasuka.

3. Ikipoa, vuteni kijiti cha mafuta ya motere. Mafuta ikiwa nyeupe kama maziwa, maji imeingia ndani. Mara nyingi juenti ya kulasi imeungua. Msiwashe tena. Muite mekanisie.

Basi kila asubuhi, mbele ya kuwasha, tuangalie maji na mafuta. Motere iko na piesi za kununua. Uso wa mtu hauna.