Kila moto na dawa yake: kuchagua na kutumia kizima moto nyumbani

Wahenga walinena kuwa dawa ya moto ni moto. Tukiingia jikoni, methali hiyo tuiweke kando. Moto wa karai la mafuta una dawa yake, moto wa nyaya za umeme una yake, na moto wa godoro una yake. Ukikosea dawa, moto ambao ungezimwa kwa mfuniko wa sufuria unaweza kumaliza nyumba nzima.

Somo hili linawahusu wakaazi wote wa kaunti, lakini tumelielekeza hasa Mtongwe na vitongoji vingine vya Likoni. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi serikali za kaunti huduma za zimamoto na kukabiliana na majanga. Hata hivyo, gari la zimamoto likitoka kisiwani lina njia mbili tu za kufika Mtongwe: kuvuka kwa feri ya Likoni, au kuzungukia Miritini na kushika barabara ya Dongo Kundu. Likishafika, kuna vichochoro ambavyo hata tuktuk hupita kwa taabu. Dakika mbili tatu za mwanzo, basi, ziko mikononi mwa aliye ndani ya nyumba. Kizima moto kimetengenezwa kwa ajili ya dakika hizo.

Kanuni za mwaka 2007 za kupunguza hatari ya moto zinahusu mahali pa kazi. Nyumbani, uamuzi ni wako.

Kwanza, jua kinachowaka

Vizima moto hupangwa kwa herufi kulingana na kitu kinachoungua.

- A: vitu vikavu kama mbao, nguo, karatasi, godoro na makuti.
- B: vimiminika kama petroli, mafuta ya taa, rangi na tina.
- C: gesi, ikiwemo ile ya kupikia.
- F: mafuta ya kupikia yaliyopata moto mkali, kama ya kukaangia.

Moto wa umeme hauna herufi katika mpango huu. Mtungi unaofaa huwa na picha ya radi au maelezo ya kuruhusu kutumiwa kwenye vifaa vya umeme. Jihadhari: baadhi ya mitungi inayoingizwa nchini hufuata mpango wa Marekani, ambapo C ni umeme na K ni mafuta ya kupikia. Soma maelezo na utazame picha, usitegemee herufi peke yake.

Mitungi mitano, kazi tano

Mitungi mingi madukani ina mwili mwekundu. Tofauti huonyeshwa na utepe wa rangi pamoja na maandishi.

*Maji (utepe mwekundu).* Hufaa vitu vikavu tu. Ni mwiko kuyatumia kwenye umeme au mafuta.

*Povu (utepe wa rangi ya malai).* Hufaa vitu vikavu na vimiminika kama petroli. Lina maji ndani yake, kwa hivyo usilipige kwenye umeme.

*Poda (utepe wa buluu).* Ile iliyoandikwa ABC huzima vitu vikavu, vimiminika na gesi, na inaweza kutumiwa kwenye vifaa vya umeme vya nyumbani. Udhaifu wake ni kwamba haipozi kilichoungua, hivyo moto unaweza kurudi. Pia hujaza chumba vumbi zito linaloziba macho na pumzi.

*Kaboni dayoksaidi (utepe mweusi).* Ndiyo bora kwa umeme kwa kuwa haiachi uchafu. Lakini hufukuza hewa ya kupumua, kwa hivyo ni hatari katika chumba kidogo kilichofungwa. Usishike pembe yake inapotoa gesi, kwani baridi yake huunguza ngozi.

*Kemikali ya majimaji (utepe wa manjano).* Imetengenezwa kwa ajili ya mafuta ya kupikia. Ikigusa mafuta ya moto hutengeneza tabaka kama la sabuni linaloyafunika na kuyapoza. Mwenye hoteli au kibanda cha kukaanga aanze na huu.

Karai la mafuta: kosa ni maji

Katika nyumba zetu za Pwani, mahamri, bajia, viazi karai na samaki wa kukaanga ni mambo ya kila siku. Mafuta yakipata moto kupita kiasi huanza kutoa moshi, kisha huwaka yenyewe bila hata kuguswa na mwali. Anayeona hivyo kwa mara ya kwanza hukimbilia ndoo ya maji. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hivyo huzama chini, na huko hugeuka mvuke papo hapo. Tone moja la maji likiwa mvuke huhitaji nafasi zaidi ya mara elfu moja ya ile ya mwanzo. Mvuke huo hurusha mafuta yanayowaka hadi darini, na juu ya aliyeshika ndoo.

Fanya hivi badala yake:

1. Zima gesi au jiko, ikiwa unaweza kufikia bila kupitisha mkono juu ya moto.
2. Telezesha mfuniko au sinia ya bati juu ya karai, kuanzia upande wako kuelekea mbele. Ukiwa na blanketi la moto, kunja ncha zake zifunike mikono yako, kisha uliweke taratibu.
3. Usisogeze karai. Wengi huungua wakijaribu kulitoa nje.
4. Liache limefunikwa mpaka lipoe kabisa. Ukifunua mapema, hewa huingia na moto hurudi.

Poda au kaboni dayoksaidi ikipigwa karibu kwa nguvu inaweza kuyatawanya mafuta. Kwa sababu hiyo, katika jiko la nyumbani mfuniko wa karibu unaweza kukufaa kuliko mtungi wa bei ghali.

Gesi: funga kwanza

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa sakafuni na kujikusanya pembeni, chini ya kitanda na kwenye mitaro. Ukinusa harufu yake usiku, usiwashe taa wala kuizima, na usiwashe kiberiti. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, toa watu nje. Kujua panapovuja, paka povu la sabuni kwenye mpira na kwenye maungio. Panapotoa mapovu ndipo penye tatizo. Usitafute kwa mwali.

Mtungi ukiwaka kwenye koki au mpira, dawa ni kufunga gesi. Kama huwezi kuifikia, usizime mwali. Gesi itaendelea kutoka bila kuonekana, kisha ilipuke kwa cheche yoyote. Ondoka, waonye majirani, piga simu. Usiku wa Februari 1, 2024, katika mtaa wa Mradi, Embakasi, Nairobi, gesi iliwaka na kulipuka, watu wakafariki na mamia wakajeruhiwa. Gesi ikishatanda, hakuna kizima moto cha mkononi kinachoiweza.

Umeme: kata kabla ya kuzima

Zima swichi kuu kwanza. Ukishakata umeme, moto uliobaki ni wa plastiki, mbao au nguo, na unaushughulikia kama moto wa vitu vikavu. Kama huwezi kufikia swichi, tumia poda au kaboni dayoksaidi. Maji na povu hapana.

Ununue upi?

Kwa nyumba ya familia moja, mtungi wa poda ya ABC wa kilo 2 au zaidi, pamoja na blanketi la moto jikoni, ni mwanzo mzuri. Mtungi wa kilo 1 unafaa gari zaidi. Humwaga poda yake yote kwa takriban sekunde kumi au chini ya hapo.

Katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita na ukumbi mmoja, wapangaji wanaweza kuchanga na mwenye nyumba wakanunua wa kilo 6 wa kuwekwa ukumbini. Lakini mtungi huo hautasaidia ikiwa ukumbi wenyewe umezibwa. Pikipiki inayolazwa ukumbini usiku ina petroli, na imesimama kwenye njia ambayo watu wa vyumba sita wanaitegemea kutoka. Ilazwe uani au nje.

Penye paa la makuti, poda inaweza kuua mwali huku makaa yakibaki ndani ya makuti. Weka pia pipa la maji na ndoo, hasa miezi ya kaskazi ambapo makuti hukauka sana.

Dukani, hakikisha mtungi una alama ya ubora ya KEBS, pini na muhuri wake havijaguswa, na sindano ya geji iko kwenye kijani. Mtungi wa kaboni dayoksaidi hauna geji. Hupimwa kwa uzito.

Vuta, lenga, bana, fagia

Kabla ya kuanza, tuma mtu atoe watoto na wazee na apige simu. Simama umbali wa mita mbili hivi, mlango ukiwa nyuma yako. Ukiwa nje, simama upande upepo unakotoka.

1. *Vuta* pini.
2. *Lenga* shina la moto, mahali kinapoungua kitu, si ndimi za juu.
3. *Bana* kishikio.
4. *Fagia* kushoto na kulia ukisogea polepole.

Moto ukizimika, usiupe mgongo. Rudi nyuma ukiuangalia.

Acha kupigana na utoke mara moja ikiwa moto umefika darini, moshi umekushukia usoni, njia yako ya kutoka iko hatarini, au mtungi umekwisha na moto bado upo. Ukitoka, funga mlango nyuma yako na usirudi kwa simu, vyeti wala televisheni. Nambari za dharura ni 999 na 112. Eleza jina la mtaa na alama inayojulikana, kama msikiti, shule au duka, kisha mtume mtu barabarani awaongoze wazima moto.

Hewa ya bahari na mtungi wako

Tundika mtungi ukutani karibu na mlango wa kutokea, kamwe si juu ya jiko, kwa sababu hutaweza kuufikia. Chumvi ya bahari hula chuma haraka, kwa hivyo upanguse na kuukagua kila mwezi: kutu chini ya mtungi, mpira uliopasuka, sindano iliyoshuka. Mtungi wa poda upindue taratibu mara chache ili poda isigande. Fundi aliyehitimu aukague mara moja kwa mwaka. Ukiutumia hata kwa sekunde mbili, upeleke ujazwe upya, kwani utaendelea kupoteza presha.

Kazi ya wiki hii

Kaeni kama familia au wapangaji kwa dakika kumi. Kila mtu aonyeshe swichi kuu iko wapi, gesi inafungwaje, ufunguo wa mlango na wa madirisha ya vyuma unawekwa wapi, na mtakutana wapi nje. Kisha wekeni mfuniko unaotosha karai lenu mahali ambapo mkono unaufikia bila kupita juu ya jiko.