Kanieneo au Wingi wa Upepo? Istilahi Moja na Safari ya Elektroni

Kule Kabambare, fundi wa baiskeli hasemi kwamba kanieneo la tairi limeshuka. Husema upepo umepungua. Nilikua na usemi huo, na nilipoanza kusoma uundaji wa istilahi niliuona kuwa lugha ya mtaani tu. Aliyenirudisha nyuma ni mdogo wangu wa sekondari, anayesoma fizikia kwa Kifaransa na kuomba nimfafanulie kwa Kiswahili. Nilimwambia kwamba katika plazma ya naitrojeni elektroni huathiriwa na kanieneo. Akauliza: «Eneo lipi?»

Swali lake lilikuwa la haki. Kanieneo ni muunganiko wa kani na eneo, na umbo la neno ndilo fasili yake: kani igawanywe kwa eneo. Kwa ukuta wa tairi, fasili hiyo inatosha. Je, kwa elektroni?

Tuchukue chombo kilichofungwa, kilichotolewa hewa na kutiwa naitrojeni kidogo. Ndani yake mna bamba mbili za chuma zilizounganishwa na umeme wa masafa ya redio, mara nyingi megahezi 13.56, yaani uga wa umeme huenda na kurudi zaidi ya mara milioni 13 kwa sekunde. Elektroni, kwa wepesi wake, hufuata kila mgeuko. Ikipata nishati ya kutosha, hung'oa elektroni nyingine kutoka kwenye molekuli, na hivyo plazma hudumu.

Gesi ikiwa na paskali 1, elektroni husafiri sentimita kadhaa kabla ya kugonga molekuli. Ikiwa na paskali 100, safari hiyo haifiki milimita moja. Tena molekuli ya naitrojeni ina atomi mbili, nayo hutikisika kwa urahisi ikigongwa na elektroni yenye nishati ya elektronivolti 2 hadi 3. Mtikisiko huo hunyonya nishati. Ndiyo maana kanieneo likipanda, wastani wa nishati ya elektroni kwa kawaida hushuka.

Mfano wake ni msukuma baiskeli aliyepakia madumu ya mawese. Alfajiri, njia ikiwa tupu, huenda mbio; akiingia sokoni, kila hatua anagusana na mtu. Soko halimkandamizi. Linalompunguzia mwendo ni wingi wa watu.

Jaribio moja linatenganisha mambo haya mawili. Tukiipasha gesi joto huku kanieneo likibaki lile lile, molekuli katika kila sentimita ya ujazo hupungua, na elektroni hupata njia ndefu zaidi. Kanieneo halikubadilika, lakini mwenendo wa elektroni umebadilika. Kwa sababu hiyo wanafizikia wa plazma hupenda kugawa nguvu ya uga kwa idadi ya molekuli katika ujazo.

Sipendekezi tuliache neno kanieneo. Ni istilahi iliyoundwa vizuri, na ndiyo ipimwayo na kipimo kilichofungwa ukutani mwa chombo. Ila tunapoeleza yanayoipata elektroni, tuandike «wingi wa molekuli». Istilahi iliyo wazi kwa umbo lake humwongoza msomaji, na inaweza kumpotosha kwa uwazi ule ule. Mdogo wangu alilitafuta eneo kwa sababu neno lilimwahidi eneo. Nilipomwambia kwamba upepo umeongezwa chomboni, alielewa.