Moyo Ukivurugika Tena Baada ya Ablesheni: Lipi la Kungoja, Lipi la Kukimbilia Hospitali

Wagonjwa wengi waliofanyiwa ablesheni kutibu fibrilesheni ya atria (mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio) hurudi nyumbani wakitarajia moyo uliotulia siku ileile. Wiki haijaisha, kifua kinaanza kurukaruka kama zamani, na mtu anakata tamaa akidhani tiba imeshindwa. Mara nyingi haijashindwa.

Kwa nini mapigo hayatulii mara moja

Daktari hupitisha mirija myembamba kwenye mshipa wa kinenani hadi moyoni, kisha kwa joto au baridi kali huunguza tishu inayozunguka mishipa inayorudisha damu kutoka mapafuni. Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, walionyesha mwaka 1998 kuwa humo ndimo huanzia cheche nyingi za umeme zinazovuruga mapigo. Tishu iliyoungua huvimba kwanza, baadaye ndipo hufanya kovu, na kovu ndilo linaloziba njia ya umeme. Ndiyo maana vurugu za wiki 8 za mwanzo hazihesabiwi kuwa tiba imeshindwa. Zamani madaktari walingoja hata miezi 3. Mapigo ya kawaida kuwa ya haraka kidogo kuliko awali nako si ajabu.

Wiki ya kwanza, linda kinena

Usibebe ndoo ya maji ya lita 20, usimbebe mtoto, usipande bodaboda. Kama unaswali, swali ukiwa umekaa kitini mpaka kidonda kipone. Ukikohoa au kupiga chafya, bonyeza kinena kwa kiganja. Kunywa maji na kula mboga na matunda ili usijikamue chooni.

Ngozi kuvilia damu ni kawaida. Uvimbe unaozidi kukua si kawaida. Damu ikivuja, lala chali, mtu akubonyeze hapo kwa nguvu dakika 10 bila kuachia ili achungulie. Isipokoma, au ikitoka kwa kasi, mpelekwe hospitali huku akiendelea kubonyeza.

Weka daftari la mapigo

Kaa utulie dakika 5. Weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, uhesabu dakika nzima. Andika hivi: "Saa 3 usiku, mapigo 118, hayana mpangilio, yamedumu dakika 40, sina kizunguzungu." Maelezo ya namna hiyo humsaidia daktari kuliko kumwambia "moyo unanisumbua".

Moyo ukivurugika mchana na kituo cha karibu kina mashine ya ECG, nenda upimwe wakati huohuo, uombe nakala ya karatasi. Vurugu ikidumu hadi siku ya pili, mpigie daktari wako; huenda ukahitaji kubadilishiwa dawa au kurekebishwa mapigo kwa umeme.

Dawa

Dawa ya kuzuia damu kuganda hunywewa bila kuruka kwa angalau miezi 2, hata ukijisikia mzima kabisa. Baada ya hapo uamuzi hutegemea hatari yako ya kupata kiharusi: umri, shinikizo la damu, kisukari, kiharusi cha nyuma. Kutulia kwa moyo peke yake si sababu ya kuiacha. Anayetumia warfarin apime INR (kipimo cha kasi ya damu kuganda) kwa ratiba, na asibadilishe ghafla kiasi cha mchicha au kisamvu anachokula.

Usijinunulie diclofenac wala ibuprofen. Zikikutana na dawa ya kuzuia damu kuganda huongeza hatari ya kuvuja damu. Na ikiwa unatumia dawa ya kutuliza mapigo kama amiodarone au sotalol, mwambie daktari kabla ya kumeza dawa mseto ya malaria, kwa sababu zikiunganishwa zinaweza kuvuruga umeme wa moyo vibaya.

Homa usiite malaria

Hili nalisisitiza. Kwa nadra sana, jeraha la ablesheni hutoboka hadi kwenye umio uliopo nyuma ya moyo. Hali hii hujitokeza wiki kadhaa baadaye, mgonjwa akiwa ameshajiona amepona, na ikichelewa huua. Dalili zake ni homa, maumivu wakati wa kumeza, maumivu ya kifua, kutapika damu, au dalili za kiharusi. Katika miezi 2 ya mwanzo, homa ikupeleke hospitali, hata kipimo cha malaria kikionyesha unayo. Daktari akishuku hali hiyo, kipimo kinachotakiwa ni CT ya kifua. Endoskopi, yaani kuingiza kamera kwenye umio, inaweza kuleta madhara makubwa.

Kimbia hospitali pia ukizimia, ukibanwa na pumzi, ukikohoa damu, mdomo ukipinda, au mkono ukilegea.

Baada ya wiki 8

Vurugu zikiendelea, rudi kwa daktari na daftari lako. Wapo wanaohitaji ablesheni ya pili, na hilo ni jambo la kawaida katika tiba hii. Kazi yako ni kupunguza uzito uliozidi, kudhibiti shinikizo, kuacha pombe, na kupimwa usingizi ikiwa unakoroma na kukata pumzi.

Kila uendapo kutibiwa, hata kwa jino au kikohozi, anza kwa kusema: "Nimefanyiwa ablesheni ya moyo tarehe fulani, na dawa ninazotumia ni hizi." Andika maneno hayo kwenye karatasi, uiweke pochini, na umfundishe mtu unayeishi naye ayaseme ikiwa wewe huwezi.