Kusafisha Birika la Maji ya Ng'ombe

Wakulima wengi katika mashamba ya skimu hulisha ng'ombe wao vizuri, huwapeleka joshoni kwa siku yake, na hukamua kwa mikono safi. Lakini birika la maji hawalitazami mpaka lipasuke. Hiyo ni hasara, maana katika kila sehemu 100 za maziwa, kama 87 ni maji. Ng'ombe wa maziwa huweza kunywa lita 60 au zaidi kwa siku. Maji yakinuka, hunywa kidogo. Akinywa kidogo, hula kidogo. Na jioni ndoo haijai.

Baadhi ya mabirika ya saruji yalijengwa wakati wa mashamba makubwa, kabla ya ardhi kugawanywa kwa skimu. Mengine hutumiwa na majirani wawili au watatu, na kila mmoja humngoja mwenzake alisafishe. Yafaa mpatane zamu, na kila zamu iwe na siku yake.

Safisha birika kila baada ya wiki mbili; wakati wa jua kali, kila wiki. Fanya hivi:

1. Funga maji yanayoingia usiku uliotangulia. Asubuhi waache ng'ombe wanywe kwanza, ili maji yasipotee bure.

2. Ng'oa kizibo cha chini. Maji yaende kwa mtaro mpaka kwenye majani ya nepia, yasitwame karibu na birika. Konokono wanaoeneza minyoo ya maini hukaa mahali penye maji na matope.

3. Toa tope kwa sepetu, kisha sugua kuta na sakafu kwa brashi ngumu. Utelezi wa kijani hunata sana penye pembe.

4. Tia kikombe kimoja cha dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe katika ndoo ya maji ya lita 10. Pakaza kote, ngoja dakika 15, kisha suuza mara mbili. Usichanganye dawa hiyo na sabuni au dawa nyingine yoyote.

5. Tazama nyufa, kizibo na boya linalofunga maji. Ufa mdogo uzibe kwa sehemu 1 ya saruji na sehemu 3 za mchanga safi. Uloweshe kila siku kwa siku 7. Kisha jaza birika, yamwage maji hayo ya kwanza, ndipo unyweshe.

6. Panga mawe na kokoto kulizunguka birika, ili kwato zisifanye matope.

Hesabu pia kama birika linatosha. Pima kwa meta: urefu mara upana mara kina, kisha mara 1,000. Birika lenye urefu wa meta 2, upana wa meta 0.6 na kina cha meta 0.5 huchukua lita 600. Ng'ombe wanne wakinywa lita 60 kila mmoja, watamaliza lita 240 kwa siku.

Mambo mawili ya hatari. Kwanza, usioshe kamwe bomba la dawa ya kupe birikani, wala karibu yake. Pili, ukiona povu la kijani na buluu likielea juu ya maji, waondoe ng'ombe mara moja. Povu la namna hiyo laweza kuwa na sumu ya kuua. Mwaga maji yale mahali ambapo mnyama hafiki, na umwite afisa wa mifugo.

Kazi hii yahitaji watu wawili, brashi, sepetu na asubuhi moja. Pima maziwa yako wiki moja kabla ya kusafisha na wiki moja baadaye, uandike katika daftari. Usilinganishe kama umebadili malisho katika siku hizo.